MAFUTA YA MIWA NA AMRI ISIYO NA MLANGO WA KUTOKEA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na marafiki wa Chama, Kidatu, Bonde la Kilombero



 

Kamati imetutaka tuseme maneno machache juu ya sheria zinazolazimisha petroli ichanganywe na spiriti ya mimea, na juu ya mabaraza ya kutunga sheria ambayo, baada ya sheria hizo kukaa, yanajaribu kuziondoa na hayawezi. Huenda mtu akauliza, sisi watu wa visiwani tulioweka maduka huku bara, na gazeti la chama cha visiwani, yatuhusu nini mambo ya petroli? Twajibu kwamba yatuhusu kwa njia tatu. Miwa iko hapa hapa tulipokaa. Sukari huliwa katika kila nyumba, Kidatu na Micheweni. Na vyombo vya wavuvi wetu siku hizi haviendi kwa tanga peke yake, vyaendeshwa kwa mashine, na mashine hunywa petroli. Mwenye shamba, mwenye kikombe cha chai na mwenye mashua, wote watatu wamo katika jambo hili.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe, kwani hapana hukumu ya haki juu ya kitu kisichojulikana.

Muwa ukiingia kiwandani hutoa sukari, hutoa makapi yanayochomwa kuendesha mitambo, na hutoa uji mweusi mzito tuuitao molasesi. Molasesi ikichachushwa na kukenekwa hutoa spiriti. Spiriti hiyo ikikaushwa hata isibaki na maji huweza kutiwa katika petroli, na gari likaenda. Serikali nyingi za dunia zimeamrisha hivyo. Brazil ilianza mpango wake mwaka 1975, na tangu Agosti 2025 petroli yake hutiwa spiriti sehemu 30 katika kila 100. Malawi, jirani yetu, imekuwa ikichanganya tangu mwaka 1982 kwa spiriti ya Dwangwa, nayo hutokana na molasesi ya kiwanda cha sukari cha huko. Uganda ilitunga Sheria ya Nishati ya Mimea mwaka 2020, iliyofungua mlango wa kuchanganya mpaka sehemu 20 katika 100.

Hatukatai kwamba jambo hili lina kheri ndani yake. Nchi isiyo na kisima cha mafuta hutoa fedha nyingi za kigeni kununua petroli, na kila lita inayotoka shambani ni lita isiyonunuliwa ng'ambo. Moshi wake una madhara machache zaidi. Tena hapa Kidatu tangu mwaka 2013 kipo kiwanda cha spiriti, kilichojengwa kutoa lita milioni 12 kwa mwaka, na spiriti ya namna ile ndiyo itengenezwayo pombe kali. Waliosoma chuoni kama sisi hawatatulaumu tukisema kwamba afadhali spiriti iungue ndani ya injini kuliko ndani ya matumbo ya vijana wetu. Ama suala la utohara wake tunawaachia masheikh, kwani hilo si la mwenye duka kulitolea fatwa.

Lakini, ndugu zetu, kheri ya kitu ni jambo moja, na amri ya kukilazimisha ni jambo jingine. Hapo ndipo tunapotaka mtusikilize.

Muwa waweza kutoa spiriti kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya molasesi. Tani moja ya miwa hutoa sukari kama kilo 100, na molasesi kama kilo 40, ambayo hutoa spiriti kama lita 10. Hapo sukari haikuguswa. Njia ya pili ni kuyachukua maji ya muwa yenyewe na kuyageuza yote kuwa spiriti. Tani ile ile itatoa kama lita 75, na sukari haitapatikana hata chembe. Amri inayosema tu kwamba petroli ichanganywe kwa kadhaa katika mia, bila ya kusema spiriti itoke wapi, imeiacha wazi njia ya pili.

Sasa na tufanye hesabu, kama tunavyofanya dukani jioni. Tuchukue kwa mfano lita bilioni moja za petroli, na amri ya sehemu 10 katika 100. Zitahitajiwa lita milioni 100 za spiriti. Kiwanda cha Kidatu, kikitoa yote kiwezayo na kisitie hata tone katika chupa ya pombe, kitatoa milioni 12. Katika msimu wa 2022/23 Tanzania ilizalisha sukari karibu tani 460,000. Kwa kipimo tulichokitaja, hiyo ni miwa kama tani milioni 4.6, na molasesi ya miwa yote hiyo, isipotumiwa kwa kazi nyingine yo yote, ingetoa spiriti kama lita milioni 46. Bado zinatakiwa lita milioni 54. Zitatoka wapi? Zikitoka katika maji ya miwa ile ile, zitakuwa zimechukua miwa iliyokuwa itoe sukari zaidi ya tani 70,000.

Wakumbukeni watu katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2024. Mvua za El Niño zilijaza mashamba maji, viwanda vikasimama, na sukari iliyokuwa na bei elekezi ya kati ya shilingi 2,700 na 3,200 ikauzwa mahali pengi kwa 4,000 na zaidi. Sisi wenye maduka tulisimama nyuma ya meza tukitazamwa kama wezi, na hali sisi wenyewe tulinunua kwa bei ya kupanda. Akina mama walinunua robo, kisha nusu ya robo, kisha wakanywesha watoto chai kavu. Hayo yalitokea na hapakuwapo amri ya kutia sukari katika magari. Jaalieni mwaka kama ule, na amri iko palepale, na mwenye kiwanda anatozwa faini asipotoa spiriti, wala hapana atozwaye faini kwa chai ya mtoto.

Mtu atasema kwamba serikali itatumia busara na kuiondoa amri mambo yakiwa mabaya. Basi tutazame walikotutangulia, tuone amri hizo huondoka vipi.

Marekani ilitunga sheria ya kuchanganya mwaka 2005, ikaipanua mwaka 2007. Sheria ya pili iliandika kwa tarakimu kiasi cha kila mwaka, mpaka kufika galoni bilioni 36 mwaka 2022. Sehemu kubwa ilitoka katika mahindi, hata ikafika kwamba karibu sehemu 40 katika 100 ya mahindi ya nchi ile yalikuwa yakipelekwa katika viwanda vya spiriti, ijapokuwa sehemu ya mabaki yake hurudi kuwa chakula cha mifugo. Mwaka 2007 Jean Ziegler, aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa juu ya haki ya chakula, alitaka dunia isimamishe jambo hilo kwa miaka mitano. Hakusikilizwa.

Mwaka 2012 ukame mkubwa ukaingia Marekani, mahindi yakapanda bei kwa kiasi ambacho hakikupata kuonekana. Magavana wa baadhi ya majimbo wakaomba amri isimamishwe kwa muda. Sheria yenyewe ilikuwa na kifungu cha kusimamisha, na Idara ya Mazingira ndiyo iliyopewa ufunguo. Mwezi wa Novemba mwaka ule Idara ikakataa. Mwaka uliofuata wajumbe wa Bunge wakaleta miswada. Bwana Goodlatte alileta mmoja wa kuifuta sheria yote na mwingine wa kuirekebisha. Katika Seneti, Bibi Feinstein wa chama kimoja na Bwana Coburn wa chama cha pili walishirikiana kuleta mswada wa kuondoa lazima ya spiriti ya mahindi. Mwaka 2015 Bibi Feinstein akaleta tena, safari hii pamoja na Bwana Toomey. Miswada yote hiyo haikupita.

Kwa nini haikupita, na hali waliotaka amri iondoke walikuwa wenye mafuta, wafuga kuku na ng'ombe, na watetezi wa mazingira kwa pamoja? Kwa sababu sheria ikishakaa hupata jamaa. Mwenye kiwanda amejenga kwa mkopo, mkulima amepanda, na benki imeandika deni. Mwakilishi wa jimbo lenye viwanda hivyo hawezi kuinua mkono akasema ndiyo kwa mswada wa kuwafunga watu wake. Wala hatuwasifu kupita kiasi wale walioipinga, kwani wenye mafuta walianza kumlilia maskini siku soko lao lilipopunguzwa. Katika ugomvi wa matajiri wawili, maskini hutajwa na pande zote mbili, wala hapana upande uliomkaribisha kikaoni.

Mahakama ilipata kuikosoa amri ile mara moja kwa jambo la ajabu. Idara iliweka kiasi cha aina mpya ya spiriti, itokanayo na mabua na miti, ambayo mwaka 2012 ilikuwa karibu haipo kabisa duniani kwa biashara. Wenye mafuta waliwajibishwa kwa kitu kisichokuwapo sokoni. Januari 2013 mahakama ya rufaa ya Washington ikaitengua sehemu hiyo, kwa kuwa makisio yalipaswa kufuata ukweli na si matumaini. Sisi tunaouza kwa kibaba twaelewa mara moja. Mtu hawezi kuamrishwa apime mchele ambao haujavunwa.

Hapa Afrika ya Mashariki pia pana mafundisho. Kenya ilichanganya spiriti ya Muhoroni katika petroli tangu miaka ya mwanzo ya 1980, na mwaka 1993 mpango ukafa. Mwaka 2010 serikali yake ikatoa kanuni ya sehemu 10 katika 100, ianzie Kisumu, nayo ikakwama kwa uhaba wa spiriti. Zimbabwe ililazimisha mwaka 2013, na kwa kuwa spiriti ilitoka kwa mwuzaji mmoja wa Chisumbanje, raia wakaona kwamba wamelazimishwa na sheria kununua katika duka moja. Sisi wenye maduka, wallahi, tungeipenda sheria ya namna hiyo ikituhusu sisi. Ndiyo sababu tunajua kwamba si sheria njema.

Na Tanzania je? Miaka ile ya 2005 mpaka 2009 wageni walikuja kwa wingi wakitaka ardhi ya mafuta ya mimea. Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 ili ipande mbono. Mwaka 2011 ikaanguka, vibarua wakabaki bila kazi, na wanavijiji wakabaki bila ardhi. Kilwa, kampuni ya Kiholanzi ya Bioshape ilipata ardhi kubwa zaidi, nayo ikafilisika. Mwaka 2010 serikali ikatoa mwongozo wa nishati ya mimea. Lakini mwongozo si sheria. Mwongozo hauna faini, wala hauna mahakama, wala haumrudishii mtu shamba lake.

Nasi tuko katika bonde ambalo hamu hiyo ikirudi itarudi hapa kwanza. Upanuzi wa kiwanda chetu ulitangazwa mwaka 2021 kwa shilingi bilioni 571.6, ili sukari ipande kutoka tani 127,000 hadi tani 271,000 kwa mwaka. Miwa mingi zaidi inatakiwa kwa wakulima wa nje. Yatazameni mashamba kutoka Ruaha na Sanje mpaka Mang'ula na Kiberege, yamebanwa baina ya milima ya Udzungwa na maji ya bonde. Pahala hapo hapo pametakiwa patoe mchele wa Ifakara, miwa ya sukari na malisho, na panatakiwa pabaki majani na maji ya kulisha mto Kilombero unaokwenda Rufiji. Ardhi haikui kwa tangazo. Kila ekari itakayotiwa miwa ya magari itatoka katika kitu kingine, na aghlabu kitu hicho kitakuwa sufuria ya mtu.

Tena mkulima wa miwa hali yake si kama ya mkulima wa mpunga. Mpunga ukikataliwa bei Kidatu utapelekwa Mikumi au Dar es Salaam, au utawekwa ghalani. Muwa ukishachomwa na kukatwa hauna subira. Siku chache tu utamu unapungua, na mnunuzi ni mmoja. Kwa hiyo swali la haki ni hili: sheria ikiipandisha thamani molasesi, thamani hiyo ni ya nani? Mkulima amelima, amepalilia, amelipa ukataji na usafirishaji, na muwa wake umeingia kiwandani mzima, pamoja na sukari yake, makapi yake na molasesi yake. Ikiwa amri ya serikali itaongeza faida katika kitu kilichomo ndani ya muwa wake, basi fungu lake liandikwe katika sheria ile ile na katika mkataba wake, kwa tarakimu, asije akaachiwa shukrani. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila khabari.

Na wavuvi tusiwasahau. Spiriti hupenda maji. Petroli yenye sehemu 10 za spiriti ikipata maji kidogo tu, hata nusu ya sehemu moja katika mia, spiriti huweza kujitenga na petroli ikazama chini ya tangi pamoja na maji. Gari la mjini haliyaoni hayo sana. Lakini tangi la mashua, katika hewa ya bahari, likikaa wiki mbili juani, huweza kuyaona, na mashine ikazimika ukiwa Mkondo wa Pemba. Zanzibar ina mamlaka yake ya ZURA ya kupanga mambo ya mafuta, kama bara ilivyo na EWURA. Amri ya bara isivuke bahari kimya kimya ndani ya matangi ya meli. Likitakiwa visiwani, lipelekwe mbele ya Baraza la Wawakilishi, wavuvi waulizwe, na petroli safi ibaki kwa vyombo vya baharini.

Sasa tufike kwenye sheria. Amri za namna hii mara nyingi haziji kwa mlango wa mbele. Bunge hupitisha sheria fupi isemayo kwamba Waziri anaweza kuweka kanuni, na kanuni hutoka baadaye katika Gazeti la Serikali, na raia huijua anapolipa. Hata hivyo sheria zetu hazikuacha jambo hilo bila kizuizi. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inataka kanuni ziwekwe mezani mbele ya Bunge, nalo Bunge lina uwezo wa kuzitengua kwa azimio, na ipo Kamati ya Sheria Ndogo kwa kazi ya kuzichungua. Kenya imekwenda mbali zaidi kwa sheria yake ya mwaka 2013. Kanuni isiyowekwa mezani katika siku zilizotajwa hufa yenyewe.

Lakini ufunguo hauna faida ikiwa mwenye nao anaogopa kuutumia. Juni 2024 mbunge wa Kisesa, Bwana Luhaga Mpina, alipeleka kwa Spika ushahidi juu ya vibali vya kuingiza sukari, kisha akaueleza kwa waandishi wa khabari, akaondolewa katika vikao 15. Hatusemi hapa nani alikuwa na haki katika hoja yenyewe. Tunasema kwamba mambo ya sukari na mafuta yanagusa fedha nyingi, na mjumbe asiye na watu nyuma yake atanyamaza.

Kwa hiyo rai yetu kwa Tawi, na kwa wawakilishi wa Chama po pote walipo, ni kwamba tusiseme hatutaki mchanganyiko kabisa, kwani tutakuwa tumemnyima mkulima wa Kidatu soko la pili na kuwapendeza wenye meli za mafuta bure. Wala tusiseme ndiyo kwa amri tupu. Tudai mambo matano, nayo yaandikwe katika sheria yenyewe, si katika kanuni.

La kwanza, spiriti ya lazima itokane na molasesi na mabaki, na maji ya muwa yasiguswe illa kwa idhini ya Bunge. La pili, kiasi kipandishwe kwa kufuata spiriti iliyopo ghalani, isiwe iliyoandikwa katika matumaini. La tatu, bei ya sukari au ya unga ikivuka mpaka uliotajwa, amri isimame yenyewe, bila ya kumngoja mtu mwenye ufunguo mfukoni. La nne, fungu la mkulima litajwe kwa tarakimu, na wauzaji wa spiriti wawe zaidi ya mmoja. La tano, sheria iwe na mwisho wake, miaka mitano, kisha ife, na anayetaka iendelee aje tena mbele ya wawakilishi aombe.

Hili la tano ndilo lenye uzito kuliko yote. Wamarekani walijenga nyumba bila mlango wa kutokea, kisha wakatumia miaka mingi kugonga kuta. Kumtaka anayetaka sheria aje kuomba ni jambo jepesi. Kumtaka anayedhurika nayo akusanye kura za kuiondoa ni jambo zito, na mdhurika aghlabu ndiye asiye na nauli ya kufika Dodoma.

Kazi yaanza hapa. Wakulima mlio katika vyama vya ushirika, ulizeni katika mkutano wenu ujao mkataba unasema nini juu ya molasesi, na msikubali jawabu la mdomo. Wenye bodaboda na wenye mashua, andikeni mashine zenu ni za namna gani na za mwaka gani, ili siku ya kuulizwa tuwe na la kujibu. Vijana mliosoma, lisomeni Gazeti la Serikali kila linapotoka, kama wazee wetu walivyokuwa wakitazama mwezi.

Wenye kuijua Sura ya 83 ya Kurani wanajua kwamba ilianza kwa kuwaonya wanaojipimia kamili wakichukua na kupunja wakitoa. Onyo lile halikuwahusu wenye mizani za maduka peke yao. Linamhusu na anayepima kwa kalamu.

Wabillahi taufiq.